Picha za Kuchonga na Tamthilia Tunazosoma

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi, katika ukumbi wa shule, Bariadi.)





Wasemaji walionitangulia katika mikutano yetu wamezungumzia pamba, mifugo, maji na ajira, mambo ambayo yanagusa matumbo yetu moja kwa moja. Mimi nimeombwa nizungumzie kitu ambacho hakiliwi wala hakiuzwi gulioni: picha zilizochongwa na mafundi wa zamani ili kuonyesha matukio ya tamthilia ndani ya vitabu.

Sababu ya kuombwa hivyo mnaifahamu. Kamati ya maktaba inataka kununua vitabu vya tamthilia kwa michango yetu. Baadhi yetu wanasema tununue vijitabu vya muhtasari vyenye picha nyingi, kwa kuwa vijana wa leo wamezoea kutazama kuliko kusoma. Wengine wanasema tununue tamthilia zenyewe, nzima, hata kama hazina picha hata moja. Kwa kuwa nilisoma fasihi chuo kikuu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali, Kamati iliniomba nieleze picha katika kitabu cha tamthilia ilitoka wapi, na inafanya kazi gani kwa msomaji. Fedha ni zenu na uamuzi ni wenu. Lakini sitaficha upande niliopo.

PICHA YA KUCHONGA NI KITU GANI?

Kabla ya kamera kutumika vitabuni, mtu aliyetaka kuweka picha katika kitabu alilazimika kumtafuta fundi wa kuchonga. Zilikuwapo njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya shaba. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa. Kwa chuma chembamba chenye ncha kali, hukata mistari ndani ya shaba hiyo, mmoja baada ya mwingine. Akimaliza, hulipaka bamba zima wino, kisha hulifuta. Wino wa juu huondoka, ule ulioingia mistarini hubaki. Halafu karatasi yenye unyevunyevu hulazwa juu ya bamba, na vyote viwili hubanwa kwa nguvu katika mtambo, mpaka karatasi iingie mistarini na kuuvuta wino. Sisi wa huku hatuna haja ya kuelezwa sana. Ni kama chale. Mganga huchanja, hupaka dawa, hufuta, na dawa hubaki pale palipochanjwa.

Njia ya pili ni ya mti. Hapa fundi huondoa sehemu zote asizozitaka, akaacha mistari ya picha ikiwa imeinuka. Wino hupakwa juu ya mistari hiyo iliyoinuka. Huu ndio utaratibu wa muhuri wa ofisini, ambao kila mtumishi wa serikali anaufahamu vizuri. Fundi mmoja wa Newcastle, Uingereza, jina lake Thomas Bewick, aliipatia njia hii sifa kubwa mwishoni mwa karne ya 18. Yeye alichonga mti mgumu kwenye uso uliokatwa kwa kukingama, mahali ambapo nyuzi za mti husimama wima, na hivyo akaweza kupata mistari myembamba kama nywele.

Tazameni muhuri wowote mtaona kwamba herufi zake zimeandikwa kinyumenyume. Mchonga picha naye hufanya kazi kinyume. Asipokuwa mwangalifu, mtu aliyeshika upanga kwa mkono wa kulia atatokea kwenye karatasi akiushika kwa mkono wa kushoto.

Mtaniuliza: haya ya ufundi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Herufi za kupigia chapa huinuka, kama muhuri. Mistari ya shaba huzama, kama chale. Vitu hivi viwili haviwezi kupigwa chapa pamoja katika mtambo mmoja kwa mara moja. Kwa hiyo picha ya shaba ilipigwa kwenye karatasi yake peke yake, kwa mtambo wake, kisha ikashonewa ndani ya kitabu. Ilikuwa kazi ndefu na ya gharama. Ndiyo maana tamthilia nzima ilipata, mara nyingi, picha moja tu.

Na hapo ndipo linapozaliwa swali la hotuba yangu. Ukiwa na nafasi ya picha moja kwa hadithi nzima, utachonga tukio gani? Na ni nani aliyekupa haki ya kuchagua?

PICHA MOJA KWA KILA TAMTHILIA

Nichukue mfano wa Shakespeare, kwa sababu ndiye ambaye tamthilia zake zimechongwa mno, na kwa sababu anayo makazi katika Kiswahili kama nitakavyoeleza.

Shakespeare alifariki mwaka 1616. Mwaka 1623 rafiki zake walikusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja kikubwa. Kitabu hicho kilikuwa na picha moja tu, na haikuwa ya tukio lolote la jukwaani. Ilikuwa sura ya mwandishi mwenyewe, iliyochongwa kwenye shaba na Martin Droeshout. Ilipita miaka 86. Mwaka 1709 mchapishaji wa London, Jacob Tonson, alitoa tamthilia hizo katika majuzuu sita, zikiwa zimehaririwa na Nicholas Rowe, na mwanzoni mwa kila tamthilia akaweka picha moja. Nyingi zilichorwa na François Boitard na kuchongwa na Elisha Kirkall.

Picha ya Hamlet katika kitabu hicho inafaa kutazamwa. Hamlet yumo chumbani kwa mama yake, na mzuka wa baba yake umetokea ukiwa umevaa mavazi ya vita. Hamlet amevaa nywele za bandia ndefu, kama mabwana wa London wa mwaka 1709. Karibu naye kiti kimepinduka. Sasa someni maneno ya Shakespeare mahali hapo. Hamtakiona kiti kinachopinduka. Kiti kile kilitoka kwa waigizaji. Ilikuwa desturi yao, Hamlet akishtuka na kuinuka, kiti kianguke ili watazamaji nao washtuke.

Nasema hivi ili nisiwe mwonevu kwa picha. Picha ile imetuhifadhia kitu ambacho maandishi hayakukihifadhi: jinsi watu walivyoigiza. Waigizaji wale wote wamekufa, lakini kiti chao kimebaki kimepinduka mpaka leo. Hiyo ni faida, na tuikiri.

Lakini baadaye wachoraji waliliacha jukwaa. John Boydell, ambaye alikuwa mchongaji na mfanyabiashara wa picha, na ambaye mwaka 1790 alikuwa Meya wa London, alifungua mwaka 1789 jumba la maonyesho katika mtaa wa Pall Mall. Aliwaajiri wachoraji mashuhuri wa Uingereza wachore matukio ya Shakespeare kwa rangi, kisha mafundi wakayachonga ili nakala ziuzwe ndani na nje ya nchi. Wachoraji hao hawakujibana na ukumbi wa michezo. Waliweka milima, mawingu na majumba makubwa kadiri walivyopenda. Biashara yenyewe haikumalizika vizuri. Vita na Ufaransa viliziba soko la Ulaya, Boydell akaelemewa na madeni, Bunge likamruhusu auze mali yake kwa bahati nasibu, na akafariki Desemba 1804 kabla ya bahati nasibu hiyo kuchezeshwa. Picha zake hata hivyo zilienea, na watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa michezo waliamini kwamba Shakespeare anafanana na picha hizo.

Halafu ikaja zamu ya mti. Kwa kuwa mistari ya mti huinuka kama herufi, picha iliweza kukaa ukurasa mmoja na maneno na kupigwa chapa pamoja nayo. Gharama ikashuka. Kati ya 1858 na 1860 kampuni ya Routledge ilitoa Shakespeare mwenye mamia ya picha zilizochorwa na John Gilbert na kuchongwa na karakana ya ndugu wa familia ya Dalziel. Kuanzia 1864 Cassell nao wakatoa wa kwao, wenye picha za H. C. Selous, kwa vipande vya bei ndogo ambavyo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuvinunua kimoja kimoja. Picha sasa haikuwa moja. Lakini swali lilibaki lilelile: nani anachagua?

MALALAMIKO YA CHARLES LAMB

Mwaka 1807 ndugu wawili, Mary na Charles Lamb, walitoa London kitabu cha watoto kinachosimulia tamthilia 20 za Shakespeare kama hadithi. Mary alisimulia 14, Charles 6. Kitabu kikawekwa picha za shaba, zilizochorwa na William Mulready. Charles Lamb hakufurahi hata kidogo. Alimwandikia rafiki yake barua akilalamika kwamba yeye na dada yake hawakuulizwa. Mke wa mchapishaji ndiye aliyechagua matukio. Alisema picha ya hadithi ya mfanyabiashara wa Venisi ilikuwa ya ovyo na haikuwa na msingi wowote katika maneno yao. Picha ya Hamlet ilionyesha wachimba kaburi, na katika hadithi yao hawakuwagusia wachimba kaburi kabisa.

Fikirini jambo hilo. Mwandishi anasema hivi, picha katika kitabu hichohicho inasema vile. Na mtoto anayefungua kitabu ataanza na lipi? Ataanza na picha.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyotufikia. Mwaka 1864 mmisionari Edward Steere alifika Unguja. Mwaka 1867 alipiga chapa kijitabu cha Kiswahili chenye hadithi nne kutoka katika kitabu cha akina Lamb. Mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya mfanyabiashara wa Venisi, ambayo picha yake ilimkera Charles Lamb miaka 60 kabla. Kwa njia hiyo Shakespeare aliingia katika Kiswahili kwanza kama hadithi, kabla ya kuingia kama tamthilia.

Tamthilia zenyewe, nzima, zilisubiri mikono yetu. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na akaitoa tena kwa marekebisho mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Ndugu S. S. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969.

Nasimama kidogo kwenye jina Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza jina la tamthilia hiyo linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliwaweka wengi, na akawaita mabepari. Kwa neno moja alifanya kazi ya mchonga picha: alituambia tuangalie wapi. Lakini hakuishia kwenye jina. Alitupa na tamthilia yote, kila mtu na maneno yake, ili msomaji akitaka kubishana na jina, awe na kitu cha kubishania. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuishike.

Miaka ya 1990, wakati sisi tunasoma hapa na Bariadi ingali sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, palikuwa na kitabu kikuukuu cha Kiingereza kwenye kabati la maktaba. Ndani yake mlikuwa na picha ya kuchonga ya Shylock mahakamani, ameinama, ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake. Wenzangu wa wakati ule mnaikumbuka, maana tulikuwa tukiitafuta picha hiyo makusudi. Siku moja mwalimu wetu wa fasihi aliifungua mbele ya darasa akauliza, "Huyu bwana, kabla hajashika kisu, alifanyiwa nini?" Darasa likawa kimya. Picha haikuwa na jibu. Akatugawia Mabepari wa Venisi, nakala nne kwa darasa zima, tukasoma kwa makundi kwa sauti. Tukakuta kwamba mtu yule alitemewa mate, akaitwa mbwa, akatorokwa na binti yake aliyechukua na mali yake. Wengine wakasema bado ni mkatili. Wengine wakasema ukatili alifundishwa. Ubishi ule uliendelea mpaka bwenini. Kisu kilikuwa cha kweli na picha haikudanganya. Ila picha huanza pale mchongaji alipotaka ianze, na yaliyotangulia huachwa nje ya fremu.

NANI AMECHORWA, NA NANI ALIKUWAPO?

Liko jambo jingine, na hili ni zito zaidi kwetu sisi Waafrika.

Katika kitabu kile cha 1709, picha ya Othello inaonyesha mtu mweusi aliyevaa sare ya afisa wa jeshi wa wakati ule, amesimama kando ya kitanda, anakaribia kumuua mke wake kwa mto. Othello ni jemadari. Ameokoa dola. Anazungumza kwa ufasaha mbele ya wakuu wa Venisi mpaka wanamwamini. Yote hayo yamo katika tamthilia, na yangeweza kuchongwa. Lakini tukio la kitandani ndilo lililochaguliwa, na wachongaji wengi waliofuata walilichagua tena na tena. Mtu aliyetazama picha bila kusoma aliondoka na mtu mweusi mmoja tu kichwani: muuaji.

Isitoshe, siku zile hapakuwa na mtu mweusi katika jukwaa hilo la London. Wazungu walijipaka masizi wakacheza Othello. Kwa hiyo mchoraji alipomchora Mwafrika, alikuwa anamchora Mzungu anayejifanya Mwafrika.

Aliyekuja kubadili hali hiyo alikuwa Ira Aldridge. Alizaliwa New York mwaka 1807, mwaka uleule wa kitabu cha akina Lamb. Kwao nafasi ya mwigizaji mweusi ilikuwa finyu, akavuka bahari kwenda Uingereza akiwa kijana. Alicheza Othello, alicheza Shylock, alicheza Lear, akazunguka Ulaya mpaka Urusi, akapewa nishani na heshima nyingi. Katikati ya karne ya 19 kampuni ya Tallis ya London ilitoa Shakespeare mwenye picha za waigizaji zilizochongwa kwenye bamba la chuma. Waigizaji walipigwa kwanza picha kwa kamera za awali, kisha mchongaji akafuata picha hiyo. Mmoja wao ni Aldridge, akiwa katika nafasi ya Aaron wa tamthilia ya Titus Andronicus. Hapa hatimaye mchongaji alikuwa na sura ya mtu mweusi halisi mbele yake, si masizi. Aldridge alifariki nchini Poland mwaka 1867, mwaka uleule ambao Steere alipiga chapa hadithi zake nne Unguja.

Vijana, lishikeni hili. Sura ya Mwafrika katika picha ilianza kubadilika siku Mwafrika mwenyewe alipopanda jukwaani. Ukiwa hupo, utachorwa hivyohivyo, ila kwa kukisiwa.

PICHA ZETU WENYEWE

Isije ikadhaniwa kwamba picha na maonyesho ni mambo ya London tu. Hapa Usukumani tuna ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, na kila mwaka mwezi Juni watu hukusanyika Bujora, karibu na Mwanza, kwa sherehe ya Bulabo. Ngoma zile ni maonyesho kamili: yana mavazi, yana vichekesho, yana vitisho, yana mashabiki.

Na tulikuwa na picha pia. Bayeye, yaani chama cha wachezaji wa nyoka, walichora picha kwenye kuta za nyumba za chama chao: watu, nyoka, wanyama, na mambo ya asili ya chama. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya picha hizo mwaka 1953. Mgeni akizitazama huona nyoka na mtu. Mwanachama aliyefundishwa huona hadithi nzima, kwa kuwa kila alama ameelezwa maana yake. Wazee wetu walijua kwamba picha ni kigingi cha kufungia hadithi. Kigingi kisicho na ng'ombe hakikupi maziwa.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, sasa nirudi kwenye maktaba yetu.

Tuchukue tamthilia ambayo imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ya marehemu Edwin Semzaba, iliyotolewa mwaka 1988. Sisi watumishi wa serikali tunaisoma kwa aibu kidogo, maana Ngoswe ni mwenzetu. Ametumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, mzee Mitomingi. Kazi inalegea, pombe inaingia, binti anatoroshwa, na mwisho mzee mwenye hasira anazichoma karatasi za kuhesabia watu.

Haya, vijana. Mnayo nafasi ya picha moja. Mtachonga nini? Naona midomo yenu inasema: moto! Ndiyo, moto unapendeza katika picha. Lakini mkichonga moto, mzee ndiye atakuwa mkosaji. Mkichonga Ngoswe na Mazoea wakitoroka, itakuwa hadithi ya mapenzi. Mkichonga Ngoswe na pombe mbele yake huku karatasi zimelala hazijaandikwa, itakuwa hadithi ya uzembe kazini. Na mkichonga nyumba moja ambayo karani hakuifikia, itakuwa hadithi ya wananchi ambao hesabu yao imepotea, na ambao mipango ya shule, maji na dawa itawapita. Sensa ya mwaka 2022 tuliifanya kwa vishikwambi, hapakuwa na karatasi za kuchoma. Lakini karani anayekaa kilabuni bado anaweza kuruka nyumba, hata akiwa na kishikwambi mkononi. Picha ipi ni sahihi? Zote zimo ndani ya tamthilia. Ila huwezi kuchagua kama hukuisoma yote.

Na hilo ndilo lengo la maneno yangu yote. Kijitabu cha muhtasari chenye picha ni kitabu ambacho mtu mwingine amekwisha kuchagua kwa niaba yako. Amekuchagulia tukio, amekuchagulia mkosaji, na katika mtihani atakuchagulia hata jibu. Mwanafunzi wa namna hiyo akimaliza kidato cha nne anakuwa amezoea kuchaguliwa. Kesho ataletewa mkataba wa kuuza pamba, au wa kukopa fedha, au wa ardhi ya baba yake, atasomewa muhtasari, naye atatia sahihi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

La kwanza, fedha zetu zinunue tamthilia nzima, za Kiswahili kwanza, na nakala ziwe za kutosha, angalau moja kwa kila dawati. Nakala nne kwa darasa zilitosha kwetu kwa sababu ya mwalimu yule. Tusiwatakie vijana wetu shida tuliyoizoea sisi.

La pili, tusizifukuze picha. Kila darasa, likimaliza kusoma tamthilia, lijadili na kuamua tukio moja, kisha walichonge wenyewe. Vifaa si vya gharama. Soli ya kandambili iliyochakaa, wembe au kisu kidogo, wino wa mihuri, na mgongo wa kijiko cha kusugulia karatasi. Mkumbuke tu kuandika kinyumenyume. Nami kama mtumishi wa serikali natoa onyo mapema: atakayechonga muhuri wa ofisi kwenye soli hiyo, tutakutana mahali pengine pasipo na makofi.

La tatu, gazeti hili la wahitimu litenge ukurasa kila toleo kwa picha hizo, na chini ya kila picha wanafunzi waandike kwa nini walichagua tukio hilo na kuacha mengine. Maelezo hayo ndiyo yatakayotuonyesha kama wamesoma. Sisi wazee tutayasoma na kuwapinga kwa barua, nao watujibu.

Charles Lamb alilalamika kwamba hakuulizwa picha gani iwekwe katika kitabu chake. Vijana wa Simiyu wasije wakawa na lalamiko hilo. Wapeni kitabu kizima, wapeni na kisu cha kuchongea, halafu mwaulize.